Je, ni kipimo gani kitatuonyesha kama mdogo wangu ana baipola?

*Daktari, naomba msaada. Mdogo wangu ana miaka 23, anasoma chuo Kampala, nyumbani kwetu ni Arua. Mwaka juzi alirudi nyumbani amenyong'onyea, akajifungia chumbani karibu miezi mitatu, hali, haongei, anasema hana faida duniani. Kituo cha afya walimpa amitriptilini, akapata nafuu, akarudi chuo. Safari hii amerudi mtu mwingine kabisa. Kwa siku kumi hivi alikuwa halali, anaongea bila kupumua, ametumia ada ya muhula kununua pikipiki ya boda na hata kuendesha hajui, na anasema Mungu amemchagua ajenge vyuo Afrika nzima. Baba alipomzuia kutoka usiku, alimpiga. Tulimpeleka kliniki moja akachomwa sindano, akalala, na vidonge akapewa. Daktari wa kwanza alisema ni skizofrenia, wa pili akasema ni bangi tu, muuguzi mmoja akasema ni baipola. Shekhe amemsomea, anasema kuna jini. Rafiki yake wa chuoni anatuambia bangi anavuta, na kwamba mwezi uliopita alikuwa amejinunulia tena zile amitriptilini. Sasa baba anataka kuuza ng'ombe tumpeleke Kampala akapigwe picha ya kichwa, tujue ukweli. Ni kipimo gani hasa kinachoonyesha baipola? Na je, tumwachishe dawa kwanza ili kipimo kitoke sawa?*

Dada yangu, poleni sana, wewe na wazee. Kukesha na mtu usiyemtambua tena, huku unampenda na unamwogopa kwa wakati mmoja, si jambo dogo. Na baada ya kuambiwa majina matatu tofauti na watu watatu, naelewa kabisa kwa nini mzee anatafuta mashine itakayomaliza ubishi.

Nianze na ng'ombe. Asiuzwe bado.

Baipola haionekani kwenye damu, haionekani kwenye mkojo, wala haionekani kwenye picha ya kichwa. Hakuna hospitali yenye mashine hiyo, si Mulago, si Nairobi, si Uingereza. Watafiti huona tofauti ndogondogo wanapolinganisha picha za ubongo za mamia ya wagonjwa na za watu wazima wa afya, lakini hizo ni tofauti za wastani wa kundi zima. Huwezi kuchukua picha ya mtu mmoja ukasema huyu anayo na yule hana. Mkienda Kampala, yaelekea sana picha itatoka safi. Mtarudi Arua na swali lilelile, na hapo atatokea mtu wa kusema, "Mmeona? Kichwani hana kitu, anajifanya tu." Picha safi haimwondolei mtu ugonjwa huu hata kidogo. Kuna hali chache ambazo picha ina kazi kweli, na nitazitaja.

Kinachopima baipola ni historia ya mgonjwa: alikuwa mtu wa namna gani, alibadilika lini, kwa muda gani, akafanya nini, akarudi vipi katika hali yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo mnayo ninyi hapo nyumbani. Ukisahau mengine yote nitakayoandika, hilo lishike.

Watu wengi hudhani baipola ni kucheka asubuhi na kulia jioni. Sivyo. Mtu anayebadilika mara kadhaa kwa siku anaweza kuwa na matatizo mengine, au akawa tu na tabia ya haraka. Baipola huenda kwa vipindi, na vipindi hivyo vina urefu. Miongozo miwili hutumiwa zaidi duniani: ule wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la kumi na moja lilianza kutumika Januari 2022, na ule wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka 2013. Yote miwili inasema kipindi cha mania, yaani hali ya kupanda juu, kidumu walau wiki moja. Ule wa Shirika la Afya Duniani unakubali muda mfupi zaidi kama matibabu yamekikatisha njiani. Mwongozo wa Marekani unaongeza kwamba mtu akizidiwa hadi kuhitaji kulazwa, hatuhesabu siku. Hali ya kupanda iliyo nyepesi zaidi, haipomania, mwongozo huo wa Marekani huihesabu kuanzia siku nne mfululizo. Kipindi cha kushuka, sonona, ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku.

Ndani ya kipindi cha kupanda tunatafuta mambo mawili yaende pamoja: hisia zilizobadilika, iwe furaha iliyopita kiasi au hasira za karibu, na nguvu zilizoongezeka. Juu ya hayo tunatafuta walau dalili tatu kati ya hizi, au nne kama hisia yenyewe ni hasira tu: kujiona mkubwa kupita hali halisi, kuhitaji usingizi kidogo, maneno mengi yasiyozuilika, mawazo yanayokimbizana, kutotulia kwenye jambo moja, shughuli nyingi kupita kawaida yake, na kujiingiza katika mambo ya hatari bila kufikiria mwisho wake, kama vile fedha, ngono, au mwendo kasi barabarani. Na lazima hali hiyo iwe imeharibu kitu: masomo, kazi, ndoa, usalama.

Nikae kidogo kwenye usingizi, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hutupa jibu lisilotosha. Mama huniambia, "Halali." Basi mimi huuliza: jana alipanda kitandani saa ngapi? Aliamka saa ngapi? Usiku alikuwa anageuka-geuka akitafuta usingizi, au alikuwa anafua nguo na kupanga vitabu? Na asubuhi alikuwaje? Mtu mwenye mawazo, au mwenye sonona, hukosa usingizi na asubuhi huwa hoi, macho mekundu, anatamani alale. Mwenye mania hulala kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, au halali kabisa, na asubuhi yuko mbele ya wote, ameshafagia uwanja na kuwaamsha majirani. Hahisi kwamba amekosa kitu. Wote wawili utawaita "halali", kumbe ni hali mbili tofauti, na jibu la swali hili moja limenisaidia kuliko maswali mengi mengine.

Jambo la pili ni kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Kijana anayekesha msikitini kumi la mwisho la Ramadhani si mgonjwa. Mfanyabiashara anayezungumza sana na kulala saa tano kwa siku tangu ujana wake si mgonjwa, ndivyo alivyo. Mtu anayesema Mungu ana mpango naye anasema jambo ambalo waumini wengi wa Uganda, Waislamu kwa Wakristo, hulisema kila siku. Tunachotafuta ni badiliko linaloonekana na waliomzoea: kijana mpole aliyekuwa akihesabu kila shilingi, ghafla anamaliza ada yote kwa siku moja na hajali. Mimi daktari nikikutana naye mara ya kwanza sina cha kulinganisha. Wewe dada yake unacho.

Sasa tuje kwenye majina matatu mliyopewa. Sitaki mwende na hasira kwa waliowapa. Kila mmoja alimwona kwa saa moja au chini ya hapo, katika siku tofauti. Ni sawa na kumuuliza mpita njia aliyechungulia uwanjani dakika tano atangaze matokeo ya mechi.

Aliyesema skizofrenia yaelekea alimkuta anazungumzia kuchaguliwa na Mungu, pengine anasikia sauti, pengine anamshuku baba yake. Mania ikipanda sana huleta hayo yote, na kwa siku hiyo moja huwezi kuitofautisha na skizofrenia kwa macho. Tofauti iko kwenye mpangilio. Katika baipola, sauti na imani zisizo za kweli huja pamoja na kipindi cha kupanda au kushuka, na kipindi kikiisha nazo huondoka. Katikati mtu hurudi, anasoma, anatania, anaswali, anakumbuka. Katika skizofrenia sauti hubaki hata wakati hisia zimetulia, na mara nyingi mtu harudi kikamilifu alikokuwa. Kwa hiyo swali lenu la kujibu ni hili: baada ya ile miezi mitatu ya mwaka juzi, alirudi kuwa yeye? Umeandika kwamba alipata nafuu akarudi chuo. Alifaulu mitihani? Aliendelea na marafiki? Kama ndiyo, jibu hilo lina uzito.

Aliyesema bangi naye hakutoa hewani. Bangi humchanganya mtu, mairungi huondoa usingizi, waragi huleta sonona na hasira. Lakini neno "tu" katika "ni bangi tu" ndilo linalonisumbua. Mara nyingi mania ndiyo huanza, na mtu akiwa amepanda huvuta mara tatu ya alivyozoea, kwa sababu breki zimekatika. Tunatenganisha mambo haya kwa kuuliza kipi kilianza, na kwa kusubiri. Dalili zikiendelea karibu mwezi mzima baada ya kuacha kabisa, au kama kuna kipindi kingine huko nyuma alipokuwa havuti kitu, bangi peke yake haitoshi kueleza. Ile miezi mitatu chumbani alikuwa anavuta? Muulizeni huyo rafiki yake kwa upole, si kwa mashtaka, la sivyo atanyamaza.

Kuna jambo umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo, na mimi naliona kubwa: amitriptilini. Dawa za sonona, na hii ni mojawapo, humsaidia sana mtu mwenye sonona ya kawaida. Kwa mtu mwenye baipola, zikitumika peke yake bila dawa ya kutuliza mzunguko wa hisia, zinaweza kumrusha kutoka chini hadi juu. Wagonjwa wengi wa baipola huanza na sonona, na siku ile ya kwanza hakuna daktari anayeweza kujua kwamba baadaye itakuja mania. Kwa hiyo aliyempa mwaka juzi hakufanya uzembe. Lakini tarehe aliyoanza kuzimeza tena huko Kampala, na tarehe usingizi ulipoanza kupotea, ziandikwe. Dalili zikipungua dawa inapoisha mwilini, ni jambo moja. Zikiendelea kwa ukamilifu wake hata baada ya dawa kutoka, tunazihesabu kuwa mania ya kweli.

Kuhusu jini, sitabishana na shekhe. Kisomo hakimdhuru mtu, na familia nyingi hupata utulivu humo. Ninachoomba ni mambo mawili. Kisomo kisichukue nafasi ya hospitali, viende pamoja. Na asikeshwe. Kumnyima usingizi mtu aliye katika mania, iwe kwa visomo vya usiku kucha au mikesha ya maombi, humpandisha zaidi. Hilo tunalijua bila shaka. Asomewe mchana, usiku aachwe alale. Wala asifungwe kamba wala asinyimwe chakula, hata akiwashinda nguvu.

Sasa vipimo vinavyofaa fedha zenu. Vipo, na vyote ni vya kuondoa magonjwa mengine yanayovaa sura ya mania. Cha kwanza ni Virusi vya UKIMWI. Hapa Uganda hili si la nadharia: mwaka 2006 Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wa mania ya kawaida na wale ambao mania yao ilitokana na VVU vilivyoathiri ubongo. Wale wa VVU kwa kawaida walikuwa na umri mkubwa zaidi, na kumbukumbu na fikra zao zilikuwa zimeathirika zaidi. Matibabu yake yanahitaji dawa za kupunguza makali, kwa hiyo kutopima ni kumnyima mgonjwa tiba. Kisha malaria, hasa kama kuna homa, kaswende, ambayo ikikaa miaka mingi hufika kwenye ubongo, sukari, wingi wa damu, na tezi ya shingo, ambayo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu atetemeke, akonde, moyo umwende mbio na asilale. Daktari ataangalia pia dawa nyingine alizotumia, hasa prednisoloni, ambayo watu wengi hupewa kwa pumu au ngozi bila kujua kwamba inaweza kuleta mania. Wazee wa West Nile watakumbuka malale, ambayo hugeuza usiku kuwa mchana na kubadilisha tabia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeimaliza ile aina iliyokuwa huko kwenu kama tatizo la afya ya jamii, kwa hiyo leo ni nadra sana, lakini mhudumu mwenye busara bado atauliza.

Na picha ya kichwa? Ninaiomba pale ambapo mtu aliumia kichwa, au ameanza kuanguka kifafa, au ana kichwa kikali kinachozidi kila siku, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au fahamu zinakuja na kuondoka, au mania imemjia kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima wa miaka hamsini. Kwa hiyo ulizeni vizuri kuhusu ile pikipiki. Kama alianguka nayo akagonga kichwa, niambieni nimekosea kuhusu ng'ombe na mpelekeni haraka.

Mnakwenda wapi? Si lazima Butabika, ile hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Arua ina kitengo cha afya ya akili, na zipo hospitali nyingine za rufaa zenye vitengo hivyo, kama Gulu na Lira. Huko mtakutana na daktari wa akili au afisa tabibu wa magonjwa ya akili. Msimdharau huyu wa pili. Amesomea kazi hii, na katika wilaya nyingi ndiye anayebeba kliniki yote mgongoni. Huduma kwenye hospitali za serikali, nje ya zile wodi za kulipia, haitozwi ada tangu 2001, ingawa sitawaficha kwamba dawa huisha na mnaweza kuambiwa mkanunue nje.

Kabla ya kwenda, chukua daftari la shule. Ukurasa wa kwanza andika utoto wake kwa mistari michache: alizaliwaje, alisoma vipi, kifafa au homa kali utotoni, tabia yake ya kawaida. Kisha gawa kurasa kwa miezi, kuanzia ule mwezi wa kwanza mliomwona ana tofauti. Usiandike "alichanganyikiwa". Andika alichofanya: "Jumanne alimpigia mjomba saa tisa usiku kumwambia auze nyumba wafungue chuo. Alikula ndizi moja tu siku nzima. Aliongea nami kuanzia magharibi mpaka alfajiri, nikimjibu hasikii." Mistari mitatu ya namna hiyo inanifaa kuliko karatasi nzima ya maoni. Tarehe ukizisahau, simu yake inazikumbuka. Akitulia na akakubali, angalieni pamoja saa za ujumbe alizotuma WhatsApp na orodha ya fedha alizotoa kwa simu. Nimeona vijana wakiitazama orodha hiyo wenyewe na kunyamaza, kisha wakasema, "Kumbe ilianza mapema hivyo." Lakini iwe kwa idhini yake. Simu ya mtu ni siri yake, na mgonjwa akijua mmeipekua kwa nguvu hatawaamini tena, wala sisi hatatuamini.

Andika pia ukoo. Hapa watu huficha, na nawaelewa, hasa palipo na mabinti wa kuolewa. Ila ugonjwa huu hufuata damu kwa kiasi: mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja anao, uwezekano wake ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa mtu mwingine, ingawa wengi wa ndugu hao hawaupati kamwe. Kuna shangazi aliyekuwa "akipandwa na kichwa" kisha anapona? Kuna babu aliyegawa mifugo yote kwa wiki moja? Kuna mama aliyechanganyikiwa wiki za kwanza baada ya kujifungua, watu wakasema ni amakiro? Hilo la uzazi ni muhimu sana, kwa kuwa kuchanganyikiwa baada ya kujifungua na baipola huenda pamoja mara nyingi. Mtajeni pia aliyejiua, kama yupo.

Kliniki watazungumza naye yeye kwanza, na wewe pembeni baadaye. Msishangae akisema yuko sawa kabisa. Aliye katika mania hujisikia vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Kwake wagonjwa ni ninyi. Mhudumu ataangalia anavyovaa, kasi ya maneno, kama anaweza kumalizia wazo moja, kama anajua siku na mahali, anachoamini, na kama anafikiria kufa. Pengine atatumia orodha ya maswali. Ipo inayojulikana sana ya maswali kumi na matatu ya ndiyo au hapana, na mnaweza kuiona hata kwenye simu. Hiyo ni ya kuchuja tu, inaonyesha nani achunguzwe zaidi. Msijipimie nayo mkaamua.

Kwa haya uliyoniandikia, naona nini? Siku kumi bila kuhitaji usingizi, ada iliyokwisha, kujiona mteule, maneno yasiyozuilika, ugomvi, na nyuma yake miezi mitatu ya sonona. Yanaelekea upande wa yule muuguzi. Vyanzo vingine vikiondolewa, kipindi kimoja tu cha mania kamili kinatosha kuitwa baipola ya aina ya kwanza, hata kama mtu hajawahi kupata sonona. Aina ya pili ni ya wale waliopata sonona na haipomania lakini hawajafika kwenye mania, na mdogo wako ameshapita hapo. Lakini sijamwona, bangi ipo, amitriptilini ipo, na mimi kumpa mtu ugonjwa wa maisha kupitia barua ni kumdhulumu. Ndiyo maana hata mhudumu atakayemwona anaweza kuandika jina la muda, akawaambia mrudi baada ya wiki mbili, kisha mwezi, kisha miezi mitatu. Msione hajui kazi. Kuna wagonjwa ambao jina lao halikukaa sawa mpaka kipindi cha pili au cha tatu. Matibabu ya kumtuliza sasa hayasubiri jina. Jina linakuja kuamua dawa za miaka ijayo: kama ni lithiamu, karbamazepini, olanzapini au nyingine, na kama dawa za sonona aziguse au asiziguse tena. Nakuomba uwaambie haya hata majirani wenye mabinti: valproeti, ambayo hutumika sana kwa mania, huharibu mtoto tumboni, kwa hiyo msichana mwenye umri wa kuzaa asianzishiwe bila mazungumzo ya kina.

Msisubiri daftari likamilike kama kuna mojawapo ya haya. Anasema anataka kufa, au anaaga watu na kugawa vitu vyake. Anataka kumdhuru mtu, na kwa kuwa baba ameshapigwa, naomba mlichukulie kwa uzito. Amekaa siku kadhaa bila kula wala kunywa. Ana homa, shingo imekakamaa, au haelewi yuko wapi. Au amechanganya yote mawili kwa wakati mmoja, analia na kusema afadhali afe huku ana nguvu za kukimbia usiku kucha. Hali hiyo ya mchanganyiko naiogopa kuliko zote. Hapo nendeni hospitali siku hiyohiyo, na watu wawili watatu anaowaheshimu, bila umati. Mkishindwa, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji au mtaa, na polisi wanaweza kusaidia kumfikisha, na waelezeni mapema kwamba ni mgonjwa, si mhalifu. Na mania inapokwisha msishangilie mkamwacha peke yake. Wengi huanguka kwenye sonona wiki zinazofuata, anapoanza kuona ada imekwenda na baba amepigwa. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Dawa za kunyunyizia mazao zitoke nyumbani kabisa, zikae kwa jirani.

Mwisho, dawa. Hapana, msimwachishe ili "kipimo kitoke sawa", kwa sababu hakuna kipimo cha baipola cha kuharibiwa na dawa za kumtuliza. Akiachishwa ghafla atapanda tena, na safari hii pengine juu zaidi. Rudini kliniki mliyomchomea sindano mwombe wawaandikie jina la dawa, kiasi na tarehe, maana zipo sindano zinazodumu mwilini wiki kadhaa na mhudumu wa Arua lazima ajue asije akaongeza juu yake. Akikakamaa shingo au taya, au macho yakivutwa juu, ni madhara ya dawa yanayotibika haraka. Mrudisheni, msikae nayo nyumbani. Amitriptilini ni jambo tofauti: asizimeze tena mpaka aonwe, na aonwe kesho kama inawezekana. Kusanyeni zote zilizobaki pamoja na pakiti tupu, mziweke kwenye mfuko mmoja mwende nazo, na mfuko huo ukae kwako, si chumbani kwake, kwa sababu dawa hiyo ikizidi kipimo ni hatari kubwa kwa moyo.